Nakala Moja ya Lelemama

Kabla hakujapambazuka nilisikia vibao vya mbao vikigongana taratibu gizani. Alikuwa binti yangu Zuwena, wa miaka mitano, akichezea vya marehemu bibi yake.

Mwezi uliopita nilikabidhi lelemama, ngoma ya wanawake aliyonifundisha mama, kwa Hifadhi ya Ngoma, iwe kazi yangu ya kumalizia masomo ya jioni. Sheria ni kwamba ngoma ikishahifadhiwa, kila anayeijua hufutiwa kumbukumbu ya ngoma hiyo, ili ibaki nakala moja tu, safi. Nilidhani nitazoea. Sasa nikijaribu kucheza, mikono inaning'inia tu kama nguo kwenye kamba, na naona kama mama amenifia mara ya pili.

Asubuhi mtafiti wa Hifadhi akabisha hodi, mpole, kishikwambi mkononi.

"Hongera kwa kufaulu, dada. Swali la mwisho tu. Humu ndani yupo mwingine anayeijua?"

"Hayupo, kaka. Tuko wawili tu, mimi na huyu mtoto. Na huyu hata viatu bado anavigeuza akivaa!"

Tukacheka. Zuwena hakucheka. Alikuja na vibao vyake, akanishika mkono.

"Mama, mimi naijua yote, nitakufundisha."