Picha ya Pasi ya Zamani

Baada ya miaka kumi na tisa ya kuishi ugenini kwa kibali cha ukaazi wa kudumu, Mwavita aliitwa ofisini kukamilisha ombi lake la uraia. Kilichobaki kilikuwa kusalimisha pasi ya nchi aliyozaliwa. Aliitoa mkobani, lakini hakuiachia.

"Mama, sheria hairuhusu pasi mbili," afisa, Bwana Sengondo, alimwambia kwa upole.

"Siing'ang'anii pasi, baba. Ni picha hii."

Akaifungua. Pichani alikuwa bado msichana, amempakata mtoto mchanga. Enzi hizo mama na mtoto walitumia pasi moja.

"Yuko wapi sasa?"

"Tulimzika njiani tukija huku. Sina picha yake nyingine."

Bwana Sengondo alitoa mkasi kwenye droo, akauweka mezani.

"Sura yako lazima ibaki kwenye pasi," alisema. "Ya mtoto sikuiona. Ngoja nikatafute muhuri, nitachelewa kidogo."

Akatoka, akafunga mlango.

Mwavita aliushika mkasi. Mtoto alikuwa ameegemeza kichwa shavuni pa mama yake, na kila alipousogeza, hakuona pa kuupitisha bila kumkata mmoja wao.