Ombi Limekataliwa

Ferista alimkatalia Emanueli tena, na safari hii alimwandikia sababu: "Herufi kubwa haihitajiki hapo. Rekebisha."

Jibu halikukawia. "Sawa, mheshimiwa msimamizi."

Alilisoma, akauma mdomo asije akacheka. Kucheka kungekuwa ni kushindwa.

Wawili hao walikuwa wakitengeneza programu ya kupimia kahawa ya chama cha wakulima wa Itaka. Mkulima akileta kahawa yake mbivu, mizani inasoma uzito, na papo hapo anapata ujumbe kwenye simu. Mapokezi ya msimu yalikuwa yaanze kesho yake asubuhi. Programu ikigoma, foleni ingesimama, na kahawa mbivu haijui kusubiri. Ingechachia humo humo kwenye magunia.

Lakini walikuwa wamenuniana. Siku zote mafaili yao yalisafiri kwa flashi, na wiki iliyotangulia Emanueli alinakili ya kwake juu ya ya Ferista. Kazi aliyoihangaikia binti wa watu mpaka macho yakamwuma ikafutika yote. Badala ya kuomba radhi, Emanueli akasema, "Si utaandika tena? Kichwani si bado unayo?"

Ferista hakumjibu. Hakumjibu siku ile, wala zilizofuata.

Alichofanya ni kukodi kompyuta kwenye wingu, yaani ya kutumiwa kupitia intaneti, huko Johannesburg, ili asimike seva yao wenyewe ya kutunzia programu. Haikuwa kazi ya lelemama. Mfumo wa kwanza aliousimika ulikuwa mzito, ukaijaza kompyuta ile kumbukumbu yake yote, ikazima hata kabla ukurasa wa kuingilia haujafunguka. Akaufuta, akaweka mwepesi. Akaipa seva anwani, akaiwekea cheti cha usalama, akapanga nakala ya akiba ijitengeneze yenyewe kila alfajiri. Kisha akaweka sheria: hakuna badiliko litakaloingia kwenye programu bila mwenzake kulisoma na kulikubali, na kazi ya mtu haifutiki, hata ikifunikwa na nyingine.

Sheria iliwahusu wote wawili. Ila Emanueli alijua fika imetungwa kwa ajili ya nani.

Tangu hapo, kila walichotaka kuambiana kilipita humo. Neno likitoka mjini kwao Tunduma lilivuka mpaka bila kupanga foleni na malori, likashuka hadi Afrika Kusini, likageuza na kurudi.

Jumapili hiyo alasiri, Tabita, katibu wa chama, alipiga simu kutoka Itaka.

"Ferista, mizani ya pili inasoma vizuri lakini ujumbe hauendi. Emanueli anasemaje?"

"Ameleta rekebisho. Nimelikataa."

"Heee! Kwa nini?"

"Lina herufi kubwa."

Tabita alishusha pumzi ndefu. "Jamani, huku kahawa inaiva. Kwani ninyi wawili hamwezi kuongea kama watu?"

"Tunaongea, dada. Kila kitu kiko kwenye seva."

"Basi mwambie afanye haraka."

"Mpigie mwenyewe, namba yake unayo."

Tabita akakata simu. Ferista alijua kabisa sasa anampigia nani, na kweli, haikupita muda ujumbe ukaingia kwenye seva: "Katibu ananiuliza kama wewe ni mzima."

"Mwambie mimi mzima," aliandika. "Ile herufi je?"

"Nimeitoa."

Mara umeme ukakatika. Jenereta za maduka ya jirani zikaanza kunguruma moja baada ya nyingine. Ferista akawasha intaneti ya simu, na alipoingia tena kwenye seva alikuta swali limeshamtangulia.

"Na kwako umekatika?"

"Umekatika. Harakisha, betri yangu haikai."

"Pole sana. Hata huku umekatika."

Aliuma mdomo tena, kwa nguvu zaidi. Kisha badiliko jipya likafika. Herufi kubwa haikuwamo. Chini yake Emanueli alikuwa ameandika maelezo, marefu kuliko kawaida yake:

"Hili linarekebisha ujumbe wa mizani ya pili. Halafu kuna jingine. Nilifuta kazi yako, kisha nikaongea kama mtu asiye na akili. Maneno yale natamani ningeyafuta, lakini hayapo kwenye seva, yapo kwako. Nisamehe, Ferista."

Aliyasoma maneno hayo mara mbili. Hata hivyo alilipitia badiliko lote mstari kwa mstari, kwa kuwa wakulima wa Itaka hawakuwa wamemkosea kitu. Akalipeleka kwanza kwenye majaribio, akamtaka Tabita aweke chochote kwenye mizani ya pili.

Tabita alipiga simu akipiga na vigelegele. "Umeingia! Nimepima kiroba changu cha viazi, na ujumbe umeingia! Mbarikiwe!"

Ferista alirudi kwenye seva na kubonyeza palipostahili. "Limekubaliwa," aliandika. Akatafakari kidogo, akaongeza: "Yote mawili."

Akafunga laptopu, na hapo ndipo kicheko alichokibana wiki nzima kilipomtoka.

"Haya, mume wangu," alisema kwa sauti, akiinama kuchungulia chini ya meza waliyokuwa wameikalia wote wawili. "Sasa toa mguu wako. Umenikanyaga tangu tumetoka kanisani."