Sidiria Yenye Joto

Fundi hakushika hata utepe wa kupimia. Alimtazama kijana kifua mara moja, akapita nyuma ya pazia, akarudi na sidiria nyeupe ya pamba.

"Jaribu hii. Mteja ameileta nimkazie vifungo. Ikikukaa, nitakushonea kama hiyo."

"Mama, mimi ni mwanamume."

"Na yeye pia. Vua shati, mwanangu, hapa hakuna jipya."

Aliivaa akiwa amefumba macho. Kwa miaka mingi alijifunga bandeji chini ya shati, ili baba yake asipate la kumcheka mezani. Sasa mikanda ilitulia mabegani bila kumkata. Kikombe cha kushoto kilikuwa kikubwa kidogo kuliko cha kulia, sawasawa na matiti yake yalivyokuwa.

Alivuta pumzi mpaka mwisho. Ndipo akahisi kwamba kitambaa kina joto la mwili, na si la mwili wake.

"Huyo mteja yuko wapi?"

Nyuma ya pazia mtu alikohoa, kikohozi kikavu alichozoea kukisikia kila asubuhi kupitia ukuta wa chumba chake.

"Fundi," sauti ya baba yake ikasema, "nirudishie basi, nachelewa nyumbani."

Pazia likaanza kusogea.