Maneno Manne

"Maneno manne tu, dada," Mwalimu alisema kwa upole. "'Namsamehe aliyemgonga mume wangu.' Basi."

Fundi cherehani alibana midomo kama aliyeshika pini kwa meno. Watu kumi na mmoja waliojazana sebuleni kwake walisubiri, Biblia mapajani.

"Siwezi," alisema. "Tuimbe."

Wakaimba. Ilikuwa hivyo kila Alhamisi alasiri kwa miezi saba.

Zamani hakuwa mtu wa kanisa. Mumewe, mwashi, aligongwa alfajiri akienda kazini, na gari halikusimama. Polisi walikuja mara moja tu, wakaandika, wakapotea. Ndugu wa marehemu walilia siku tatu, wakafunga virago. Siku ya nne alibaki na cherehani na ukimya. Ndipo Mwalimu, mgane wa mtaa wa pili, alipobisha hodi.

"Kama huwezi kwenda kanisani, dada, kanisa litakuja kwako."

Na kweli likaja. Viti vya plastiki Mwalimu alijitwika mwenyewe. Akamleta kinyozi, muuza mboga, bibi wa nyumba ya kona, na wengine ambao kanisani walikuwa hawajakanyaga tangu wazaliwe. Fundi alipougua walimchotea maji. Walimletea nguo za kushona. Walimchekesha pia: kinyozi akianza kuomba hakujua pa kuishia, mpaka bibi ampigie "Amina!" ya lazima.

Fundi akaokoka. Akaanza kula, akaanza kulala. Majirani nao wakaanza kunong'ona kwamba mwanamume mgane haendi bure kila wiki kwa mwanamke aliyefiwa. Yalimfikia, na alishangaa kwamba hayakumkera.

Ila yale maneno manne yalimkwama kooni. Mwalimu hakuchoka.

"Hufanyi kwa ajili yake, dada. Unafanya kwa ajili yako."

Mwezi wa nane akayasema. Sauti ilitoka nyembamba, ikitetemeka, lakini ilitoka. Bibi alipiga vigelegele. Mwalimu alipiga magoti, akalia kwa kwikwi kumshinda hata mwenye msiba.

"Rudia, dada," alisihi. "Wote wasikie."

Akarudia.

Alhamisi iliyofuata alivaa gauni alilojishonea usiku mbili tatu kwa siri. Kikundi kilikuja chote, isipokuwa Mwalimu.

"Labda anaumwa," bibi alisema, akimkonyeza. "Nenda ukamwone, mwanangu. Sisi tutafunga mlango."

Alikwenda, moyo ukimdunda kama wa msichana. Hakuwahi kufika kwake. Hakuna mwanakikundi aliyewahi kukaribishwa. Geti lilikuwa wazi. Uani, turubai lenye vumbi la miezi lilikuwa limetupwa pembeni, na fundi wa magari alikuwa akinyoosha boneti iliyobonyea kwa nyundo. Taa ya kushoto haikuwepo. Kioo cha mbele kilikuwa na ufa kama utando wa buibui. Lilikuwa gari la Mwalimu, lile ambalo mtaa mzima uliamini ameliuza wiki ile ile ya mazishi.

Mwalimu aligeuka, akamwona. Hakushtuka. Alikuwa na uso wa mtu aliyelala vizuri.

"Mbona unaniangalia hivyo, dada?" alisema. "Ulishasamehe. Watu kumi na mmoja walisikia."