Uzi Mwekundu wa Kwapani

"Wanaotaka nchi yetu ijitoe kwenye muungano wanyooshe mikono," mwenyekiti wa mtaa alisema, na ukumbi mzima ukaota mikono.

Fundi cherehani alikuwa amekaa benchi la nyuma na wanawake wenzake waliozaliwa ng'ambo ya mpaka. Wao waliruhusiwa kusikiliza tu. Muungano ukivunjika wangerudishwa walikozaliwa, na watoto wangebaki kwa baba zao.

"Wewe mwenzetu una raha," shoga yake alimnong'oneza. "Mumeo wa hapa hapa, atakupigania."

"Ameniapia. Ukimwona kanyoosha mkono leo, ujue anafukuza nzi."

Wakacheka chini chini. Ndipo akauona, safu ya mbele, mkono wa shati jeupe lililoshonwa kwapani kwa uzi mwekundu. Uzi ule aliutia yeye mwenyewe asubuhi, kwa utani tu. "Baba watoto, ukinipotea kwenye umati nitakujua kwa kwapa."

Kicheko kilimkauka mdomoni.

"Shusheni," mwenyekiti alisema. "Karani kachanganyikiwa. Tunahesabu upya."

Mkono ukashuka. Fundi akakohoa kile kikohozi chake cha nyumbani, cha kumnyamazisha mume akizidisha maneno mbele ya wageni. Mume akageuka. Wakatazamana, mpaka mume akainamisha macho, akajitazama kwapani.

"Haya, wanaotaka kujitoa."

Mkono wa kulia ulipanda tena, taratibu, na wa kushoto ukaja kuufunika ule uzi.