Alama za Mwenye Jina

"Ombi lako la kadi ya mkopo limepita, mzee," alisema afisa wa benki, kisha akamgeukia mkewe, msusi. "Ila ombi lako limekataliwa, mama. Huna alama za mikopo. Kwetu inaonekana hujawahi kukopa wala kulipa."

Msusi alitazama vidole vyake, vilivyobabuka kwa dawa za nywele. Kwa vidole hivyo alilipa mkopo wa viti vya saluni, akalipa wa mabati ya nyumba, na sasa alikuwa akilipa wa pikipiki ya mumewe. Yote iliandikwa kwa jina la mume, kwa kuwa mume alisema baba ndiye kichwa cha nyumba.

"Mwambie nani alilipa," alimwambia mumewe.

Mume alikohoa. "Mama watoto, tusianikane mbele za watu. Changu si chako? Ukitaka kuagiza mashine zako za saluni utaniomba, nitakuazima kadi."

"Utaniazima?"

"Kwani nimewahi kukunyima?"

Jasho lilikuwa lake, sifa zikawa za mwenzake, na bado aambiwe aombe! Akamgeukia afisa.

"Mwanangu, mkopo wa pikipiki usipolipwa mwezi huu, itakuwaje?"

"Alama za mzee zitaporomoka, mama. Hata hiyo kadi anaweza kunyang'anywa."

Mume alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

Msusi alisimama, akatundika mkoba begani. "Basi tarehe ikifika, mpigie simu mwenye jina."