Chupa Isiyonukia Karafuu

Musafiri aliingia kwa Mama Safia, kule Alunguli, amevaa kanzu mpya na amebeba chupa ya chai isiyo na kitu ndani.

Hakuna aliyeuliza ya nini. Katika familia zile za zamani za Kindu, posa haijibiwi kwa mdomo. Chupa ikirudi na chai ya karafuu, mmekubaliwa. Ikirudi haina karafuu, basi, katafuteni mlango mwingine.

Na kwa karafuu, Mama Safia hakuwa na mpinzani. Wakati wa vita, dawa zilipokosekana mjini, chai yake ilituliza meno na matumbo ya mtaa mzima. Mjane yule angeweza kukunyima chumvi, lakini si karafuu.

Sifa, binti yake wa mwisho, alisimama mlangoni anajichekea. “Kaka Musafiri, mkikubaliwa, tutakuwa tunakuona hapa kila siku.”

Musafiri alitazama viatu vyake. Aliitaka ndoa hii kuliko alivyothubutu kusema. Tangu mama yake afariki, nyumba yao imekuwa kimya mno, na kimya kile kilikuwa kimemchosha.

“Baba yako iko muzima?” Mama Safia aliuliza, huku akipokea chupa.

“Iko muzima, mama. Iko anameza tu dawa ya kufanya damu ikuwe nyepesi, kwa ajili ya moyo. Munganga wa hospitali njo alimuandikia.”

“Kila siku?”

“Kila siku.”

Mama Safia akaenda zake uani kwenye jiko la makaa, na huko akakawia mpaka kijana wa watu akaanza kutoka jasho.

Alipoletewa chupa, Musafiri alilegeza kifuniko, akanusa. Mchaichai. Akanusa tena. Karafuu hakuna, hata harufu ya kusingiziwa. Aliumia, tena sana.

“Asante, mama,” alisema, akisimama. “Nitapeleka majibu.”

Sifa akaacha kucheka.

“Unakimbilia wapi na hiyo sura ya matanga?” Mama Safia alimvuta kanzu, akamkalisha. “Karafuu na dawa ile haipatane. Damu ikianza kutoka, haisimame. Ambia baba yako akuje na mashahidi Ijumaa. Nilisha kuzika bwana moja. Huyu wa pili siwezi kumuua na chai mbele ya ndoa.”